Michoro ya maua ya karne ya 19: ninyi mnaoijua mnaitazamaje?

bi_hina_kibokoni (Mombasa)

Assalaam aleikum, na hamjambo nyote.

Kazi yangu ni hina na piko. Maharusi wa siku hizi wanakuja na simu mkononi, "nataka kama hii", ukitazama ni ile ile aliyochorwa mwenziwe juzi, maana zote zimetoka ukurasa mmoja wa Instagram. Nimechoka nazo. Nikaamua nitafute maua kwengine, nikaingia kwenye tovuti za makumbusho. Ile ya Metropolitan ya New York inakuachia upakue picha bure, na Cooper Hewitt nao wana hazina yao. Huko nikakuta karatasi tele za rangi za maji za karne ya 19: mashada, mizabibu inayopanda, majani yaliyojikunja, mapindo ya maua. Maelezo ni mafupi mno. "Mchoro wa urembo wa maua, msanii hajulikani." Basi.

Nazipenda, lakini sijui nazitazamaje. Picha ya ua naielewa: limechorwa likachoreka, au halikuchoreka. Hizi ni namna nyengine. Chukueni moja iliyonikaa kichwani. Ni shada la mawaridi na majani marefu. Upande wa kushoto umepakwa rangi ukamalizwa, upande wa kulia ni penseli tupu. Baadhi ya majani ni buluu, nasema buluu ya kweli, si kijani. Kwenye ncha za petali, pale ambapo ungetaraji mwanga, pana madoa ya kijivu cheusi kama masizi. Na pembeni mwa karatasi kuna vipande sita vya rangi vimepangwa foleni, kila kimoja kidogo kama ukucha.

Sasa nauliza. Fundi alichoka akaacha njiani? Majani ya buluu ni makusudi? Weusi ule ni nini? Na lililo kubwa zaidi: uzuri wa kitu kama hiki mtu anautafuta wapi?

brashi_kavu (Kisumu)

Dada, la kwanza ni rahisi: mteja alilipa nusu. Hata mimi ukuta ukilipiwa nusu napaka nusu 😂

Lakini kusema ukweli hizo ni karatasi za kubandika ukutani kwa matajiri wa Ulaya. Sioni cha kusoma hapo. Ua ni ua.

mstaafu_wa_skrini (Dar es Salaam)

Wa aleikum salaam, binti yangu. Huyo kijana wa Kisumu anatania, ila hayuko mbali sana. Kwenye karatasi hizo pesa imo kila pembe.

Mimi nilikuwa mchora khanga na vitenge katika kiwanda kimoja hapa Dar, enzi ambazo kila nguo ilianzia kwenye karatasi, brashi na chupa za rangi. Nikapelekwa kozi Manchester, na Jumamosi nilikuwa napotelea Whitworth, makumbusho yenye mkusanyiko mkubwa wa nguo na karatasi za ukutani. Kwa hiyo nakujibu kwa jicho la kiwandani.

Hiyo uliyoiona ni maagizo ya kazi. Aliyeichora alijua wazi kwamba haitatundikwa popote. Inakwenda mezani kwa mtu wa kuchonga kibao cha mti cha kuchapia rangi, au wa kufuma hariri, au wa kupaka dari, na huyo ndiye msomaji wake. Shada likiwa linafanana kushoto na kulia, ya nini kulipaka mara mbili? Mchonga kibao atanakili nusu moja, ageuze karatasi, amalize. Ile penseli ya kulia ni ya kuonyesha tu kwamba mistari inakutana katikati bila kupishana. Na ukipekua michoro ya dari utakuta jambo jingine: kushoto wazo moja, kulia wazo jingine, karatasi ile ile. Hapo mteja anaambiwa achague.

Vile vipande sita vya rangi pembeni ndivyo hesabu yenyewe. Katika uchapaji wa vibao, kila rangi inataka kibao chake, na kibao kikubwa cha rangi moja mara nyingi hugawanywa viwili. Mchoro wa karatasi ya ukutani wa William Morris, msanii wa nakshi wa Uingereza, uitwao Acanthus, wa 1875, ulihitaji vibao 30 kwa rangi 15. Vibao 30 vya kuchongwa kwa mkono, halafu kila kimoja kishuke mahali pake bila kusogea! Watengenezaji wengi hawakuweza kubeba gharama hiyo, wakasema rangi sita zinatosha, fundi ajue mwenyewe.

Sasa vuta picha karibu, tazama petali moja. Mchora picha angeloweka karatasi, aache nyekundu iyeyuke polepole hadi iwe waridi hafifu. Huyu hakuthubutu. Kibao hakijui kuyeyusha. Utaona nyekundu iliyokolea, kando yake nyekundu ya kati, kando yake iliyopauka, na kati ya moja na nyingine pana mpaka mkali kama wa ramani. Petali ile inajikunja, inaingia kivulini, inatoka tena, kwa madoa matatu bapa. Uzuri uutafute hapo. Hesabu rangi zilizotumika, kisha jiulize ni ngapi ulizodhani umeziona.

Ya buluu na weusi ni mambo ya kuzeeka. Kijani cha mafundi wale mara nyingi kilikuwa buluu iliyochanganywa na njano, na njano zilizotokana na mimea hazistahimili jua. Miaka ikapita, njano ikaondoka, buluu ikabaki peke yake. Majani yako yalizaliwa kijani. Weusi nao ni nyeupe ya risasi, yaani rangi nyeupe iliyotokana na madini ya risasi. Nyeupe hiyo ikikaa kwenye hewa yenye salfa, na nyumba za Ulaya wakati ule zilijaa moshi wa makaa na taa za gesi, hugeuka nyeusi. Kuanzia 1834 Winsor & Newton wa London waliuza nyeupe ya zinki iliyotengenezwa kwa ajili ya rangi za maji, nayo haigeuki, lakini wengi waliendelea na ile ya risasi. Kwa hiyo kila doa la masizi ulisome kuwa mwanga. Geuza kichwani: pale peusi palikuwa ndipo mahali peupe kuliko pote kwenye ua. Ukizoea, karatasi nzima inawaka upya.

mpita_njia_walthamstow (London)

Naongezea kwa aliyoyasema mzee. Mimi naishi karibu na William Morris Gallery, Walthamstow. Kuingia ni bure, ni nyumba ambayo familia ya Morris iliishi tangu 1848 hadi 1856, na watoto wangu wanapenda bustani ya nyuma kwa sababu ya bata.

Kitu ambacho simu haikuonyeshi: unene. Rangi nyingi za michoro hii si zile nyepesi zinazopitisha mwanga wa karatasi. Ni guashi, rangi ya maji nzito yenye nyeupe ndani yake, inayofunika kabisa kilichopo chini. Ukiinama ukaitazama kwa ubavu unaona ua limepanda juu ya karatasi kidogo, na kando ya petali pana ukingo ambapo brashi iliinuliwa. Mahali pengine rangi imepasuka vipande vidogo vidogo. Inatokea gundi ikizidi. Gundi ikipungua, rangi inatoka unga ukiigusa (usiiguse!). Na gundi yenyewe ni ya mgunga, wa Kordofan kule Sudan au wa Senegal. Hao ndio waliolisha masanduku ya rangi ya Ulaya nzima. Sisi hatukumbukwi kwenye vile vibandiko vya maelezo, lakini kila waridi pale limeshikwa na utomvu wa Afrika.

Kingine, tazameni penseli chini ya rangi. Kwenye michoro isiyomalizwa unaona fundi alianza na mstari mmoja mrefu wa shina unaopinda, halafu majani yakaja kuutii. Maua ni ya mwisho. Mimi nilidhani wanaanza na ua.

bi_hina_kibokoni

Mzee wangu, Mungu akupe umri. Nimerudi kwenye karatasi yangu. Waridi kubwa la katikati lina nyekundu tatu na ile nyeupe iliyoungua. Macho yangu yaliapa ni kumi.

Na dada/kaka wa Walthamstow, hilo la shina kwanza ndivyo tunavyofanya kwenye hina, mkono mrefu unaanza na mzabibu kutoka kiwiko, maua unayapachika baadaye. Nimefurahi.

Lakini nimekwama pengine. Kuna karatasi nyengine ina shina la mzabibu, majani kama ya mfigili, halafu ua lake ni kama komamanga lililopasuliwa, na katikati ya komamanga mna ua jengine. Hakuna mmea kama huo duniani. Huyu naye alikuwa hajui mimea, au ni vipi?

packhouse_naivasha

Salamu. Mimi nashinda na mawaridi kutwa nzima, napanga kwa urefu wa bua na uwazi wa tumba, yanaondoka usiku kwenda Uholanzi. Kwa hiyo nina chuki yangu binafsi: ua likichorwa lisijulikane ni ua gani, napita.

Kama ni karne ya 19 mpeni dada Redouté. Pierre-Joseph Redouté, mzaliwa wa 1759 huko ambako leo ni Ubelgiji, alimchorea Joséphine, mke wa Napoléon, maua ya bustani ya Malmaison, na picha zake za waridi zilichapwa Paris kati ya 1817 na 1824. Pale unaona hata miiba ilivyokaa kwenye bua, unaona jani lenye vijani vitano, unaona tumba lililo tayari kukatwa na lililochelewa. Mimi ningeweza kuyapanga yale kwenye ndoo. Hayo makomamanga yenye maua tumboni ni ndoto za homa.

mstaafu_wa_skrini

Wa Naivasha, Redouté nampenda hata mimi, ila umembadilishia kazi. Yeye alikuwa anatoa ushahidi: hili ndilo waridi fulani, lilichanua hivi. Weka waridi lake kwenye zulia, ulirudie mara mia mbili sebuleni, halafu watu walikanyage. Utaona linavyochosha.

Na ugomvi wako huu ulipiganwa London kabla babu zetu hawajazaliwa. Kwenye Maonyesho Makuu ya 1851, katika lile jumba la vioo la Hyde Park, viwanda vilileta mazulia yenye mashada makubwa yaliyochorwa kama ya kweli, yenye vivuli, unaogopa kukanyaga. Watu wakayapenda. Walimu wa uchoraji wakakasirika. Mwaka uliofuata Henry Cole, mmoja wa waandaaji wa maonyesho hayo, akafungua makumbusho Marlborough House, na chumba kimoja akakijaza vitu vya ladha mbaya ili umma uone aibu, maua ya aina hiyo yakiwa mstari wa mbele. Charles Dickens akawacheka mwaka 1854: katika riwaya yake moja mtoto wa shule anaulizwa kama angetandika zulia lenye picha za maua, anajibu ndiyo kwa sababu anayapenda maua, anakaripiwa mbele ya darasa. Mimi hapo niko na mtoto. Cole na wenzake walikuwa wakali kupita kiasi.

Lakini kutoka kwenye ukali huo kukazaliwa kitu. Owen Jones, aliyekuwa amepanga rangi za ndani za lile jumba la vioo, akatoa mwaka 1856 kitabu chenye kurasa 100 za picha za rangi, nakshi za mataifa mbalimbali, na kanuni zake mwanzoni. Kanuni ya 13 inasema maua na vitu vya asili visitumike kama urembo vilivyo. Litumike umbo lililopangwa, lenye kukumbusha ua bila kuharibu umoja wa kitu linachokipamba. Ukurasa wa 98 alimpa kijana mmoja wa Glasgow, Christopher Dresser, aliyeingia shule ya uchoraji ya serikali akiwa na miaka 13 na baadaye akafundisha humo elimu ya mimea. Dresser akachora maua kama mchora ramani za nyumba anavyochora nyumba: lionekanavyo kutoka juu, na lionekanavyo kutoka ubavuni. Kwa hiyo, binti yangu, usidhani hawakuijua mimea. Dresser aliijua kiasi cha kulikata ua vipande akabaki na hesabu yake: petali tano, tano katikati yake, kila moja imekaa kwenye mwanya wa nyenzake.

Lile komamanga lenye ua tumboni nalo lina ukoo mrefu. Limepita kwenye hariri za Uturuki, Iran na Italia karne nyingi kabla, na wachoraji wa karne ya 19 walilikuta makumbusho wakalichukua. Nakshi zinasafiri. Hebu fungua kabati lako utoe leso yenye korosho. Ile korosho iliyojikunja ncha ilikuwa kwenye shali za Kashmir, zikapendwa Ulaya, mji wa Paisley kule Uskoti ukazifuma kwa maelfu hadi umbo likaitwa kwa jina la mji. Baadaye, karne hiyo hiyo ikielekea ukingoni, wachapaji wa Ulaya waliokuwa wanahangaikia soko la Unguja na Mombasa, wakiwemo wale wa Helmond, Uholanzi, ambao kampuni yao ya tangu 1846 leo inajulikana kwa jina la Vlisco, walikuwa wanachora leso kwenye karatasi kwa rangi hizi hizi za maji. Mchoraji hajafika Mombasa hata siku moja, ameletewa sampuli na maelekezo ya mfanyabiashara, anachora pindo.

Na hapa kwenye pindo ndipo nataka ukae sana, maana ndipo utakapopata faida ya hina yako. Tafuta mchoro wa pindo la maua wenye kona. Utajua hapo hapo kama aliyechora ni fundi au mbabaishaji. Mzabibu unatembea vizuri: jani juu, ua, jani chini, ua. Halafu unafika konani, unatakiwa upinde nyuzi tisini. Ukiupinda tu, mdundo unavunjika: majani mawili ya juu yanagongana upande wa ndani, na upande wa nje panabaki uwazi usio na kazi. Mvivu anaweka ua kubwa la duara kuziba kona, pindo la huku linaanzia hapo, la kule linaishia hapo. Inafaa, mimi mwenyewe nimelala na hilo ua la duara miaka mingi kwa sababu Ijumaa mchoro unatakiwa. Fundi hasa anaanza kujiandaa mbali kabla ya kona. Anarefusha hatua kidogo kidogo, jani moja linaegemea zaidi ya wenzake, shina linatoa kitawi cha ziada kinachokwenda kujaza ule uwazi wa nje, na unapofika kwenye pinda unahisi mmea umeamua wenyewe. Kwenye karatasi za aina hiyo penseli pale konani huwa chafu, imefutwa na kurudiwa mpaka karatasi imechubuka. Hiyo michubuko ndiyo sehemu ninayoipenda kuliko zote.

Kifundo cha mkono wa biharusi ni kona pia, au siyo?

bi_hina_kibokoni

Ni kona, tena ya balaa! Kiganja kinageuka, mzabibu unatoka mgongo wa mkono unaingia upande wa ndani, na hapo sote tunaweka bangili ya mistari kuziba. Nimeumbuka mie.

Kuna jengine nataka kuuliza. Hina ni rangi moja. Hizi nyekundu tatu tatu nitazifanyia nini?

mpita_njia_walthamstow

Dada, achana na nyekundu, tazama uwanja, yaani pale ambapo hapana ua. Nenda kwenye Tulip and Willow ya Morris, ya 1873. Ina tabaka mbili: mbele kuna tulipu kubwa na majani yake mapana, nyuma yake kuna vijani vyembamba vya willow, mti wa Ulaya, vinavyopita kila upande. Funika tulipu kwa kidole gumba. Ile nyuma peke yake bado ni mchoro kamili, imepumua sawasawa kila mahali, hakuna shimo. Hapo unaweza kuondoa rangi zote na kitu kikasimama.

Na kabla hamjadhani Morris aliweza kila kitu: Trellis, aliyoianza 1862, ina mawaridi yanayopanda fito na ndege kati yake. Wale ndege walichorwa na rafiki yake Philip Webb, msanifu wa majengo. Na wanawake walikuwemo kwenye kazi hii ingawa majina yao yanatajwa kwa nadra: Kate Faulkner alichora karatasi za ukutani, na May, binti wa Morris, alichora Honeysuckle ya 1883 akiwa na miaka kama ishirini na moja.

mstaafu_wa_skrini

Tulip and Willow ina kisa ambacho mtu wa kiwandani hawezi kukisikia bila kucheka kwa uchungu. Kwenye karatasi ilikuwa sawa. Ilipochapwa kwenye kitambaa mara ya kwanza, buluu ikatoka siyo aliyoitaka. Morris akaiweka. Akangoja miaka kumi, hadi 1883, akiwa na karakana yake Merton Abbey na amejifunza kuchapa kwa nili: kitambaa kinatumbukizwa kizima kwenye nili, halafu kibao kinachapa dawa ya kuondoa buluu, maua yanatoka meupe ndani ya buluu. Angekuwa kwenye kiwanda changu angefukuzwa mwezi wa kwanza. Lakini ukiiweka ile karatasi ya rangi za maji kando ya kitambaa cha nili unaelewa alichokuwa anakingojea. Kwenye karatasi buluu imepakwa juu. Kwenye kitambaa imeingia ndani, na maua ndiyo yaliyochimbuliwa.

brashi_kavu

Sawa, nimesoma yote, nimenyamaza. Ila mbona hakuna anayesema kuhusu sumu? Hao watu walikuwa wanapaka nyumba zao aseniki. Na huyo Morris wenu, mjamaa mkubwa, alikuwa mwanahisa na mkurugenzi wa mgodi wa Devon uliokuwa unatoa aseniki kwa wingi.

mstaafu_wa_skrini

Kweli kabisa, na ni vizuri umelisema. Mgodi uliitwa Devon Great Consols, ulianza na shaba, aseniki ikaja kuwa biashara kubwa. Kijani kilichong'aa kuliko vyote enzi hizo kilikuwa cha shaba na aseniki. Cha kwanza kiligunduliwa 1775 na Mswidi, Carl Wilhelm Scheele. Sampuli ya Trellis ya mwanzo imewahi kupimwa, kijani chake kikakutwa na aseniki. Na Morris mwenyewe alizipuuza zile hofu. Simtetei.

Ila tazama jinsi inavyorudi kwenye swali la binti yetu. Kijani cha buluu na njano kinakimbia jua, unabaki na majani ya buluu. Kijani cha aseniki hakikimbii jua. Kwa hiyo ukiona jani la zamani linang'aa kama lilipakwa jana, furahi kwa mbali.

packhouse_naivasha

Hilo la "furahi kwa mbali" limenikumbusha stoo yetu ya dawa. Haya, nakubali kidogo. Nimetazama ukurasa wa Dresser. Lile ua la kutoka juu ndivyo ninavyoyaona mawaridi kwenye ndoo, vichwa tu, mistari ya duara. Bado namtaka Redouté ukutani kwangu. Lakini nguo, sawa, wapeni wao.

bi_hina_kibokoni

Jana nilikuwa na biharusi wa nikaha ya Ijumaa. Nikamshawishi: mzabibu upite kifundoni bila bangili. Nilianza kuuandaa tangu katikati ya mkono, hatua nikirefusha kama ulivyosema mzee, na upande wa nje nikatoa kitawi chenye tumba mbili. Mama yake akauliza bangili iko wapi. Shangazi akauliza bangili iko wapi. Biharusi mwenyewe alikaa anaugeuza mkono, anaufuata mzabibu, hakusema kitu, akaniongezea mia tano.

Mzee, la mwisho, nakuomba. Umesema mchoro mmoja unarudiwa mara nyingi kwenye zulia zima. Nikiwa na karatasi moja kwenye simu nitajuaje kama marudio yake ni mazuri?

mstaafu_wa_skrini

Pakua mchoro, uukate pale penye vialama vya penseli kwenye kona nne. Vikiwepo huwa ni vijimsalaba vidogo. Kisha panga nakala nne, mbili juu mbili chini, kwenye programu yoyote ya picha. Sogeza simu mbali na uso, kunja macho. Ukiona mistari inajitokeza, mlalo au mshazari, au ua moja linakurukia kila baada ya hatua, fundi alishindwa. Jaribu tena ukiishusha ile safu ya kulia kwa nusu ya urefu, maana michoro mingi ya wakati ule ilipangwa kushuka nusu ili maua yasisimame foleni. Ikikaa vizuri, tafuta mshono, mahali nakala moja inapokutana na nyingine. Mchoraji mzuri haukati mshono kwenye uwanja mtupu ambapo jicho litauona, anaupitisha katikati ya majani, shina hili likiingia chini ya jani lile.

Anza na michoro ya Silver Studio, ofisi iliyofunguliwa London 1880 na kuuzia viwanda michoro bila jina la mchoraji. Walikuwa wanaishi kwa mshono.

brashi_kavu

Mzee nami nimejaribu, msicheke. Nimechukua moja ya Kifaransa, maua ya zambarau, haina jina. Nikaweka nne. Nikashusha nusu. Mshono unaonekana mpaka hapa Kisumu, bua limekatika kabisa na linaanzia kando kwa kama nusu sentimita. Nimekosea kukata?

mstaafu_wa_skrini

Nimeitazama. Umekata sawa. Huyo alikuwa na haraka, au alimwachia mchonga kibao ahangaike. Tafuta nyingine.